Nilivyowaamkia kina Kakashi

Kwetu Lushoto ukipishana na mtu mzima njiani ukanyamaza, hiyo habari inafika nyumbani kabla yako. Mama yangu alikuwa na mtandao wake wa wale bibi wanaouza mapeasi njia panda, unatoka zako shule unafikiri mambo safi, unamkuta kasimama mlangoni na mwiko, "Eti umempita bibi wa watu kama umepita mgomba?" Basi mimi hii kitu ya kuamkia imeingia kwenye damu mpaka imepitiliza. Naamkia walinzi, naamkia makonda, kuna dada mmoja kazini nilimpiga shikamoo kumbe namzidi miaka miwili, mpaka leo hatusemeshani. Naliweka hili mwanzoni kabisa mnielewe, maana yaliyonikuta Japani chanzo chake ni malezi, sio ulevi kama anavyosambaza yule Mpemba.

Sasa huyo Mpemba. Tulikuwa wote Takamatsu, kisiwa cha Shikoku, kozi ya miezi sita ya mambo ya pampu za maji, chumba kimoja. Fundi mzuri sana, ila muoga jamani, usiku akienda chooni anaacha mlango wazi na anapiga stori na mimi muda wote ili ajue bado nipo. Mwezi wa kumi na moja tukapata mapumziko ya siku tatu, mwalimu wetu akasema nendeni bonde la Iya, huko mkoa wa Tokushima, mkaone milima na majani yanavyobadilika rangi. Mimi mtoto wa mlimani nikasema twende. Mpemba akauliza kama kuna bahari. Hamna. Akasema basi n'takwenda hivyo hivyo, maana kulala peke yangu humu ndani siwezi.

Tukapanda treni tukashuka stesheni ya Oboke. Chini yako mto Yoshino, maji ya kijani, mawe makubwa meupe, milima imekusonga pande zote kama uko ndani ya kinu. Mpemba kwenye treni alikuwa anasoma soma kwenye simu, akagundua yale maandishi ya jina la Oboke ukiyachambua yanasema ukipiga hatua kubwa ni hatari. Na jirani yake kuna stesheni nyingine inaitwa Koboke, hiyo ni ukipiga hatua ndogo ni hatari. Akanigeukia taratibu kabisa, "Yakhe, sasa hapa tutembeeje?"

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Akaendelea kusoma akakuta hadithi ya maeneo yale yale, kuna zimwi linaitwa Konaki-jiji, ni zee ila linalia porini kama kitoto kichanga, ukiingiwa na huruma ukalibeba linaanza kuwa zito, linazidi kuwa zito, unataka kulitupa halitupiki, linakung'ang'ania mpaka ufe. Mpemba akafunga simu. "Mie kwetu kuna mambo mengi tu, sikuja huku kuongeza." Kuanzia hapo kila mtoto akilia kwenye basi yeye anaangalia dirishani.

Kitu cha kwanza kila mtu anakimbilia kule ni daraja la Kazurabashi. Picha yake kwenye simu ni nzuri mno, daraja la kamba za mti pori unaotambaa, limesukwa lote kama tenga, na majani mekundu nyuma. Urefu mita 45, upana mita 2, na liko mita 14 juu ya maji, wanalisuka upya kila baada ya miaka 3. Ndani ya zile kamba wameficha nyaya za chuma ila hilo mimi niliambiwa nikiwa nishavuka. Wenyeji wanasimulia kwamba ukoo wa Heike walipochapwa kwenye vita mwaka 1185, waliobaki wakakimbilia milima hii wakajificha, na madaraja wakayafanya ya kamba ili adui akija wanakata tu, biashara imeisha. Akili kubwa hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba mimi sio adui wa mtu na nimelipa yen 550 kuingizwa kwenye mtego.

Mpemba alisogea akachungulia. Kati ya gogo na gogo pale chini pana nafasi mguu mzima unapita, na kupitia ile nafasi unauona mto. Akarudi nyuma hatua tatu, ndogo. "Mie babaangu kauza karafuu kunisomesha, sipiti hapo." Akakaa kwenye kibanda cha vyakula, mimi nikaingia. Na lile daraja ni njia moja, ukishaingia hamna kurudi, nyuma yako kuna foleni ya watu. Mbele yangu bibi mmoja wa Kijapani wa kama miaka themanini, na mkoba wake mkononi, anatembea kama anatoka sebuleni anaenda jikoni. Mimi nimekumbatia ubavu wa daraja kwa mikono miwili naenda kiupande upande kama kaa, kila likiyumba nataja jina la ndugu yangu mmoja. Nilivyofika ng'ambo nilikuwa nimemaliza upande wa mama wote na nimeanza wajomba. Mpemba alirekodi video yote. Sauti inasikika vizuri tu.

Nikamkuta anakula mishikaki ya kwao, kiazi, tofu na kile kitu kama mpira kinaitwa konnyaku, vimechomekwa kwenye kijiti kimoja, vimepakwa miso, ile rojo yao ya soya, vinachomwa vimesimama wima kuzunguka moto. Inaitwa dekomawashi. Deko ni mwanasesere, ule mkoa wana mchezo wao wa zamani wa wanasesere wa kuchezesha kwa mkono, na kile kijiti kikigeuzwa geuzwa kwenye moto wanasema ni kama kichwa cha mwanasesere kinavyozungushwa. Nikala vitatu. Siku nzima hiyo ilikuwa inanipa dalili na mimi nazila.

Usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja, mikeka chini, supu moto, raha tupu. Asubuhi nikamuuliza na mdomo wangu wa Kijapani cha miezi minne, kuna kijiji gani kizuri cha kutembea, sio cha watalii, cha watu wenyewe. Akacheka akasema Nagoro. Akaongea mengi mimi nikawa nadaka la hapa na la pale. Nilichodaka ni hiki: watu wa Nagoro hawafiki 30, lakini Kakashi wako zaidi ya 300.

Ningefungua apu ya kutafsiri yasingenikuta. Lakini nilishajiona mjuzi. Kichwani nikapiga hesabu kama mtu wa kwetu, nikasema ahaa, Kakashi ni ukoo. Kama kwetu unavyokuta kijiji kizima majina ni She- She- tupu. Wenyeji asilia wamebaki thelathini, kina Kakashi wamehamia wakazaana mpaka wamewafunika, mambo ya kawaida haya, yako kila mahali. Nikamwambia Mpemba twende tukawaone kina Kakashi. Akauliza njia ya kwenda kuna madaraja mangapi, nikasema sijui, akasema nenda, mie niko hapa hapa nakusubiri saa kumi na moja.

Nikapanda basi, nikabadilisha kwenye kibasi kidogo, tukaingia barabara namba 439. Zile namba, nne tatu tisa, kwa Kijapani unaweza kuzisoma yo-sa-ku, kwa hiyo barabara wanaiita Yosaku kama jina la mzee fulani wa kijijini. Na kweli ina tabia za mzee wa kijijini, haikupishi. Kona za Mombo kwenda Lushoto mnazijua? Zile sasa zigawanye upana mara mbili, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Hamna hata konda wa kukuambia songa kidogo mjomba ukaona maisha yanaendelea. Abiria tulikuwa wawili, mwenzangu akashuka njiani nikabaki peke yangu.

Nikashuka. Kimya. Yaani kimya cha kusikia mto huko chini na kunguru mmoja. Nyumba chache za mbao zimepandiana mlimani, bustani za kabichi, moshi kwa mbali. Na pale pale kituoni ndani ya kibanda wamekaa wazee watatu, baba wawili na mama mmoja, makoti ya baridi, kofia, viatu vya mpira. Moyo ukafurahi. Nikavua kofia nikainama vizuri kama tulivyofundishwa, "Konnichiwa, Kakashi-san!"

Kimya.

Nikasema labda masikio. Nikainama tena zaidi nikapandisha sauti. Hamna. Basi nikarudi kinyumenyume kwa heshima nikaendelea na njia. Mbele kidogo mama kainama kwenye bustani, "Konnichiwa, Kakashi-san!" Hata kugeuka. Mafundi wa barabara kama watano na helmeti zao, wamepumzika ukingoni, "Konnichiwa, poleni na kazi" (hiyo ya pili nilisema Kiswahili, ilinitoka). Wote wananiangalia tu. Mzee kaegemea nguzo ya umeme, kimya. Bibi na babu wamekaa kwenye benchi, kimya. Nimetembea labda nusu kilomita naamkia, mgongo unauma kwa kuinama, jasho linanitoka na baridi yote ile, na hamna binadamu hata mmoja aliyefungua mdomo.

Ndo nikaanza kuwaza. Kwanza nikajinusa kwapa, safi. Nikaangalia zipu, imefungwa. Basi nikasema ni rangi, hawa kina Kakashi ni wabaguzi, tena ni ukoo mzima wamekaa kikao wakakubaliana. Hasira ikanipanda jamani, nikawa natembea nimeshaandaa na hotuba kabisa, kwamba sisi kwetu mgeni akija anapewa maji kwanza, na nyie mnajiita nchi ya heshima. Wakati huo huo nikakutana na mzee mwingine kasimama kwenye geti la shamba, kavaa kofia ya majani, glovu nyeupe, na mkono kauinua mbele kama anataka kusalimia. Nikasema afadhali wewe una utu. Nikaudaka ule mkono kwa mikono miwili nikautikisa kwa nguvu za mtu aliyenyimwa salamu nusu kilomita.

Ukang'oka.

Ndugu zangu, nimeshika mkono wa mzee wa watu na yeye kabaki kule, hajalia, hajasema kitu, kainamisha kichwa kidogo tu kama mtu aliyekata tamaa na dunia. Nilichofikiria kwanza sio kumsaidia, nilichofikiria ni kwamba viza yangu imebaki miezi miwili. Nikawa najaribu kumrudishia mkono, "Sumimasen, sumimasen, Kakashi-san," yaani samahani, nasukumia kwenye mkono wa koti, ndo kutoka ndani ya ile glovu ikachomoza gazeti. Nikamwangalia usoni. Uso kitambaa. Macho vifungo, vile vya koti, vyenye matundu manne.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka kunguru akahama. Kakashi sio ukoo. Kakashi ni lile sanamu la kutishia ndege shambani. Kijiji kizima kimejaa masanamu, na mimi nimeyaamkia moja moja, na kuyachukia, na kuyatungia hotuba.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Mtu ukishajua umechezewa unataka kulipiza. Nikarudi njia nzima nimechangamka, huyu namvuta pua, yule namkalia mapajani napiga selfi, mafundi wa barabara nikawapanga upya na mmoja nikamtoa helmeti nikavaa mimi. Nikaingia na kwenye shule yao, ilifungwa mwaka 2012 wanafunzi wawili wa mwisho walipomaliza, darasani wamekaa watoto wa nguo wanamsikiliza mwalimu wa nguo, wametulia kuliko darasa lolote nililowahi kuona. Pale nilipunguza kucheka kidogo, sijui kwa nini. Nikatoka.

Nje kwenye bustani ya viazi, pembeni ya mfereji wa maji, nikakuta sanamu moja la bibi limekaa kwenye kigoda. Kitambaa kichwani, maski, aproni yenye maua, mikono imetulia juu ya magoti. Aisee hili walilitengeneza. Mikunjo yote ipo. Mpaka vinyweleo kwenye nyusi wameweka. Nikachuchumaa mbele yake nikasema kwa sauti, Kiswahili, "Bibi wewe umeshonwa ukashoneka," nikashusha ile maski nione mdomo wameufanyaje, kisha nikamshika shavu nikalivuta.

Shavu lilikuwa la moto.

Macho yakafunguka. Hayakuwa vifungo.

Mimi ubongo ulizima, kilichobaki ni Lushoto peke yake. Nikapiga kelele, "SHIKAMOO!"

Bibi akaniangalia, akajibu, "Hai."

Kwa Kijapani hai ni ndiyo, au naam, kitu kama hicho, ndo wanavyoitika. Najua hivyo. Lakini siku ile, sekunde ile, mimi nilisikia Kiswahili. Sanamu limeniambia liko hai. Nikaruka kinyumenyume na hatua niliyopiga ilikuwa kubwa, Oboke walishasema, nikaingia kwenye mfereji mzima mzima, makalio kwanza. Maji ya mlimani mwezi wa kumi na moja, sina haja ya kuwaelezea.

Kumbe bibi wa watu alikuwa anaota jua baada ya kuchimba viazi, kausingizi kakampitia. Badala ya kunipiga na jembe, ambayo ilikuwa haki yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia kigoda. Akamwita mumewe, mzee akatoka ndani mbio na soksi, akanikuta nimekaa kwenye mfereji na helmeti kichwani, naye akaanza. Mimi nikitaka kuomba radhi ndo nikazidi kuharibu, "Sumimasen, Kakashi-san, sumimasen, Kakashi-san," yaani namwita mama wa watu sanamu la shambani mbele ya mumewe, na kila nikilisema yule mzee anapigwa na kicheko upya.

Wakanipeleka barazani. Nguo zangu wakaanika karibu na hita, wakanipa za mzee: suruali ya kazi inayonifika katikati ya muundi, koti la pamba nene, taulo la kujifunga kichwani, kofia ya majani juu yake, glovu nyeupe, na bibi akanivalisha maski mpya kwa mkono wake mwenyewe maana nilikuwa napiga chafya. Chai ya moto, viazi vya kuchemsha. Hapo sasa apu ya kutafsiri ndo nikaifungua, nishachelewa.

Wakanisimulia. Masanamu yale yametengenezwa na mama mmoja wa pale pale, Tsukimi Ayano, mtu anayejulikana sana siku hizi. Alikuwa anaishi Osaka akarudi kijijini kukaa na baba yake mzee. Akapanda mbegu, ndege wakazila, akatengeneza sanamu moja la kutishia ndege akalifananisha na baba yake, akalivalisha nguo zake, akalisimamisha shambani. Na majirani wakawa wakipita asubuhi wanaliamkia. Kusikia hivyo nikasimama. Nikajipiga paja. Si ndo hivyo! Hata wenyeji waliliamkia! Nikawaonyesha kwa vidole kwamba mimi na wao ni kitu kimoja, bibi akaitikia, hai, hai, nami nikashtuka kidogo kila mara. Baada ya hapo yule mama akaendelea, mtu akifariki au akihama anatengeneza wa kufanana naye au wa kujitungia tu, kijiti ndani, magazeti, pamba, kitambaa cha kuvutika usoni, mpaka wakawazidi watu. Bibi akanionyesha sanamu moja mle kibarazani kwa jirani, "Yule namjua, tulisoma wote." Alivyosema hivyo alikuwa anamenya kiazi, hakuinua hata kichwa.

Basi la mwisho lilikuwa linakaribia na suruali yangu bado inachuruzika. Mzee akaziweka nguo kwenye mfuko, akaniambia nenda hivyo hivyo, hizo za kwangu acha kwenye ile nyumba ya wageni nitazichukua. Nikaenda kituoni. Kile kibanda kilikuwa na wale wazee watatu wa asubuhi, nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kati kati yao. Nikaomba radhi, nikakaa. Nikaegesha simu kwenye jiwe nikapiga picha ya pamoja ya kumtumia mama. Halafu koti zito, chai ya moto tumboni, jua la jioni, usingizi ukanibeba.

Nilichoamshwa nacho ni sauti. Nafungua jicho nusu, kamera iko mbele ya pua yangu. Familia, baba, mama na katoto kama ka miaka mitano, wamepaki gari pembeni. Baba anasema kwa mshangao mkubwa, nikamwelewa neno kwa neno, sijui Kijapani changu asubuhi kilikuwa wapi, "Tazama, hata mgeni wa nje wametengeneza!" Mama akasogea akaniangalia macho, akasema ya huyu wameyapatia. Sasa fikiria na wewe ungekuwa mimi ungefanyaje. Nikijitikisa hapa huyu baba anarudi nyuma anaingia mtoni. Nikasema wacha nitulie, wapige picha waende zao, sadaka hii. Nikabana pumzi. Wakapiga moja, wakapiga mbili, mama akaja akakaa karibu yangu akapiga na vidole viwili. Kale katoto kakasogea, kakaniangalia sana, watoto hawadanganyiki, kakanyoosha kidole kakaniingiza puani juu ya maski.

Ile chafya iliyokuwa inanisumbua tangu mfereji ikapata njia.

Gari lao liliondoka mlango wa nyuma bado haujafungwa.

Bado nawasikitikia, nakaa sawa nijifute, nikasikia mngurumo. Kibasi hicho kinakuja. Nikatulia nikasema Wajapani bwana ni watu wa utaratibu, sio daladala hii ya kupunga mkono na kugonga bodi, basi linakuja kwa dakika yake na linasimama kwenye kituo chake. Dereva akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Akapita.

Hakupunguza hata mwendo. Na kusema ukweli simlaumu, mwaka mzima anapita pale kuna wazee watatu wamekaa wanamsubiri, angekuwa wa kusimama angekuwa mpaka leo hajafika. Siku hiyo aliona wameongezwa mmoja. Nikatoka mbio nyuma ya basi na viatu vya mpira vya mzee vinapwaya, kofia imeruka, napiga kelele "Shusha! Shushaaa!" wakati sijapanda hata. Kona moja, likapotea.

Nikarudi kule kule kwa bibi. Nilivyotokea uani na taulo kichwani hakuuliza kitu, aliangalia saa, akaangalia mimi, akajishika kwenye nguzo ya baraza akaanza kuteremka taratibu kwa kicheko mpaka akakaa chini. Mzee akachukua funguo.

Ana kale kapikapu kao kadogo, mbele viti viwili tu. Kufungua mlango wa abiria, kiti kimekaliwa. Kakashi mwanaume, kafungwa mkanda, anapelekwa sijui wapi. Mzee akamfungua mkanda, akainamisha kichwa akamwambia, "Sumimasen ne," akambeba kama mgonjwa akamkalisha nyuma kwenye bodi, na ili asianguke kwenye zile kona akamfunga kamba kifuani na miguuni. Mimi nikakaa kwenye nafasi yake. Njiani mzee alikuwa anaimba taratibu na kila baada ya kilomita chache anakumbuka anacheka, na akicheka usukani unacheka naye, na upande wangu ndo ule wa hewa.

Tulifika giza limeshaingia. Mpemba alikuwa amesimama barabarani na tochi ya simu, ana wasiwasi mpaka anatetemeka, kumbe alishamwambia mama mwenye nyumba kwamba kina Kakashi wamenichukua, na yule mama hakuelewa kwa nini mtu mzima analia kwa ajili ya masanamu. Pikapu likasimama. Mpemba akamulika mbele, akaona mzee wa Kijapani na pembeni yake kakashi wa taulo na maski. Akamulika nyuma, akaona mtu kafungwa kamba mikono na miguu.

Yule muoga wetu, sijui nguvu alitoa wapi, akarukia kwenye bodi. "Jamani mbona mmemfunga mzee wa watu! Baba, asalaam aleykum, ngoja n'kufungue!" Anafungua kamba huku anampa pole, anamuuliza walikupiga, baba, walikupiga wapi. Mimi nikateremka nikamgusa bega kwa nyuma, nikamwambia ndugu yangu, huyo ni gazeti. Akageuka akaliona sanamu limesimama linamwongelesha Kiswahili. Alishuka upande wa pili wa pikapu bila kugusa ngazi, na ile siku ndo nilijua Mpemba anaweza kukimbia mlima.

Alirudi baada ya kama nusu saa, mama mwenye nyumba alimfuata na sahani ya chakula akimwita kama kuku. Hakunisemesha mpaka nilipovua maski nikataja jina la marehemu bibi yake, ambalo alishaniambia siku nyingi.

Usiku simu ilipopata chaji nikamtumia mama ile picha ya kituoni, bila maelezo, nimechoka. Asubuhi nakuta ujumbe wa sauti, na jogoo wa kwetu anasikika nyuma. "Mwanangu, picha nimeiona, wazee wa watu wametulia, wana nyuso za upole. Uliwaamkia lakini? Halafu mbona wewe hujapiga nao, uko wapi?"

Nikamwandikia, "Mama, mimi ni wa pili kutoka kushoto."

Tiki mbili za bluu. Kimya cha kama dakika tano. Halafu, "Umekonda."